Unyoya wa Leo Si wa Leo

Yule mtaalamu wa ndege alinifukuza kazi mara mbili, na mara zote mbili alinirudisha kabla chai haijapoa. Mara ya kwanza nilikuwa nimemtukana nahodha wa mtumbwi wetu. Mara ya pili nilimpiga nahodha huyo huyo kwa sufuria ya dagaa, dagaa wakiwa bado ndani. Mimi sipendi ugomvi, watu wananisingizia. Ila kuna maneno ukiniambia mimi, nanyamaza, na ukimwambia dada yangu, hapo tutaelewana vibaya.

Dada ndiye aliyenilea. Baba aliondoka na mgambo wakati wa vita vya Kagera, mimi nikiwa darasa la kwanza, na hakurudi. Mama alifuata miaka kadhaa baadaye. Msibani walisema malaria, na sisi tuliomwogesha na kumgeuza kitandani tukaitikia malaria, kwa sababu miaka ile kwetu Bukoba kila mtu alikufa kwa malaria. Dada alikuwa na miaka kumi na tisa. Ndugu walikuja nyumbani Ijuganyondo kugawana kibanja chetu cha migomba na kutugawana na sisi. Dada akasimama mlangoni na panga la kukatia ndizi, akawaambia chai ipo, wanywe waende. Sasa mtu kama huyo, nahodha atamsemaje mbele yangu?

Lakini nianze na ndege.

Tulikuwa kwenye kisiwa kimoja cha Muleba, kisiwa cha mawe na vibanda vya wavuvi, watu wametoka kila upande wa ziwa kufuata sangara na dagaa. Mtaalamu alitoka chuoni Dar es Salaam. Alitaka mtu anayeweza kuandika vizuri na asiyeogopa kupanda miamba yenye mavi ya ndege. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kuandika naandika, na Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwenye magazeti waliyofungia sukari. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na domo langu lilikuwa linajulikana kuanzia Buhembe mpaka sokoni. Akanichukua.

Ndege wenyewe aliwaita shakwe. Sisi tulikuwa tunawaita ndege weupe tu, hata na mabawa yao meusi. Wanakuja mwezi wa kumi, wa kumi na moja, wametoka Ulaya ya juu kabisa kwenye barafu, na ikifika mwezi wa tatu wanaondoka. Wakiwa kwetu wanabadili manyoya ya mabawa, mmoja mmoja, upande huu na upande huu, mpaka wanaonekana kama mwavuli uliovunjika. Wavuvi walikuwa wanawacheka. "Kagera hii," nahodha alisema, "hata ndege wakifika wanakonda na kunyonyoka."

Mtaalamu hakulipenda hilo neno. Kwenye daftari langu kila nilipoandika "ananyonyoka" alikata akaandika "anabadili". "Kunyonyoka ni kwa mgonjwa," aliniambia. "Huyu hana ugonjwa. Huyu ana mpango."

Kazi yetu ilikuwa kuokota yale manyoya marefu ya bawa wanapolala, na mengine kuyakata ncha kwa ndege tuliowanasa kwa wavu, kisha kuyatia kwenye bahasha yenye namba. Mwanzoni niliona ni wazimu. Mtu mzima na digrii zake anaokota manyoya kama mtoto anayecheza. Nikamuuliza, na yeye akakaa kwenye jiwe akanieleza, na ninavyowaeleza ninyi ndivyo nilivyoelewa, msomi akitaka kunisahihisha aje.

Ndege anachokula kinaingia kwenye damu. Unyoya ukiwa unaota unakunywa ile damu. Ukishamaliza kuota, mshipa wake unakauka, mlango umefungwa. Kuanzia hapo ndege anaweza kula anachotaka, unyoya haujui tena. Ndani yake kimebaki chakula cha zile siku ulipokuwa unaota, basi. Kuna kaboni nyepesi na kaboni nzito, kama vile kahawa yetu ilivyo robusta na arabika, zote kahawa lakini si moja. Samaki wa baharini ana mchanganyiko wake na dagaa wa ziwa letu ana wake. Unyoya unapelekwa nje ya nchi, unaoshwa, unachomwa kwenye mashine, mashine inapima huo mchanganyiko, na unajua ndege alikuwa anakula wapi.

"Sasa si tunajua yuko hapa," nikamwambia. "Namwona."

"Unamwona leo. Lakini unyoya anaouangusha leo aliuotesha mwaka jana msimu kama huu. Mwaka jana alikuwa wapi? Kwenye ziwa hili hili, au pwani huko baharini? Ndiyo nataka kujua kama wanarudi." Akanipa ule unyoya mkononi. "Unyoya wa leo si wa leo. Andika namba."

Nililipenda hilo neno. Nililisema kisiwa kizima mpaka watu wakanikimbia.

Baada ya Krismasi nilikwenda nyumbani nikamkuta dada amejifunga kitambaa kichwani, na yeye si mtu wa vitambaa. Alikuwa na nywele nyingi tangu utoto, za kushikika. Nikamuuliza, akasema joto. Asubuhi nikaona kitana chake dirishani kimejaa nywele kama kiota. Nikatoka nje kabla domo langu halijafunguka.

Mnajua miaka ile. Mtu alikuwa anasomwa kuanzia juu kwenda chini. Nywele zikipungua na kulainika, watu walikuwa wameshamzika kabla yeye hajaanza kukohoa. Dada ni fundi cherehani, anashonea kwenye baraza la duka mjini. Wanawake wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao havijashonwa, wakasema wamebadili mawazo. Mmoja alivishika kwa ncha za vidole.

Na dada alikuwa amechumbiwa. Mchumba ni wa Nshamba, mwalimu wa shule ya msingi, watu wa kahawa na migomba na misa ya kwanza kila Jumapili. Mshenga alikuwa amekuja mara mbili, mambo yalikuwa yanakwenda. Nikajua Nshamba watasikia. Muleba na Bukoba habari hazipandi gari, zinafika kabla yake.

Kisiwani zilikuwa zimeshafika. Nahodha alikuwa anavuta mtumbwi mchangani, mimi nimebeba sufuria ya dagaa wa kunasia ndege, akasema bila hata kunitazama, "Kumbe kwenu mna kazi nyingi. Wewe unaokota manyoya huku, na nyumbani dada yako naye ananyonyoka. Utampa na yeye namba?"

Hapo ndipo sufuria iliponitoka.

Mtaalamu alinifukuza, nikakusanya nguo zangu, akaja nyuma yangu na kikombe. "Alisema nini?" Nikamwambia. Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Kisha akasema kuna mtu anaruka Jumatatu kutoka Bukoba kwenda Dar, manyoya yaliyokuwa tayari yanatakiwa yamfikie, niende nayo mimi, nipumzike na kisiwa, na kisiwa kipumzike na mimi.

Njiani wimbi likaingia mtumbwini. Bahasha zikalowa, zikaanza kuachana. Manyoya yenyewe maji hayayafanyi kitu, ni ya ndege wa majini, lakini namba. Tulipofika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, niliyatandaza juani nikikumbuka upi ni upi, namba niliziandika kwa penseli kwa hiyo zilisomeka. Bahasha nyingine sina. Nikafanya kama Mhaya yeyote. Nilitafuta gome kavu la mgomba, nikayafunga manyoya matatu matatu, karatasi yenye namba ndani, kamba ya mgomba katikati, fundo. Yalikaa vizuri kuliko kwenye bahasha. Ila yalikuwa sawasawa, bila tofauti yoyote, na vifurushi vya akamwani, ile kahawa yetu ya kuchemsha na kukausha ambayo mgeni anapewa atafune kabla hajaambiwa jambo lolote.

Na nyumbani nikavitia kwenye kile kikapu cha ukutani sebuleni, panya wasivifikie. Ndimo dada anamoweka akamwani.

Jumapili baada ya misa mshenga akaja. Peke yake, bila kutuma habari. Ni mzee mfupi, mwenye kofia na fimbo asiyoihitaji. Dada alimwona kutoka jikoni, akakaza kitambaa kichwani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mpe kahawa. Na ufunge mdomo wako."

"Amekuja kuvunja," nikamwambia.

"Mpe kahawa, wewe mtoto."

Nikaingia nimevimba. "Karibu waitu," nikasema kwa heshima zote za Kihaya, nikachomoa kifurushi kikapuni, nikakiweka kwenye kisahani, nikamsogezea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, na macho yangu yakimwambia kitu kingine. Mzee akashukuru, akafungua fundo taratibu.

Manyoya matatu. Mmoja una kinyesi.

Aliyatazama. Akanitazama mimi. Dada alikuwa amefika mlangoni na maji ya kunawa, akasimama. Kwetu ukimpa mtu manyoya yamefungwa kwenye gome la mgomba, hujampa zawadi. Kuna watu wamehama kijiji kwa pungufu ya hapo.

"Mimi nimetumwa maneno," mzee akasema polepole. "Sikutumwa kuku. Na kama kuku mlikuwa naye, mngenibakizia paja. Mmekula nyama, mimi mnanipa manyoya?"

"Mae waitu," dada akasema kwa mshtuko, akaweka jagi chini.

Nikaanza kueleza. Nilieleza kama mtu aliyeshikwa na wizi. Kisiwa, shakwe, wimbi, bahasha, mashine ya nje, kaboni nyepesi na nzito, robusta na arabika. Mzee alisikiliza, manyoya mkononi, akiyageuza.

"Kwa hiyo huu unyoya unasema huyu ndege alikuwa anakula wapi mwaka jana."

"Ndiyo, tata," nikasema, ndivyo tunavyomwita mtu aliye sawa na baba.

"Hata akikana?"

"Ndege hawezi kukana, tata."

"Mashine hiyo wailete Bukoba," akasema. "Ipite kwanza kwa wanaume." Dada alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mwaka mpya. Mzee naye akatabasamu kidogo, akainua macho kwenye kile kitambaa cha dada, akasema kwa Kihaya, kwa upole kabisa, "Na kichwa, mwanangu, ni kweli?"

Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. Nilisimama nikamwambia kama wamekuja kumhukumu mtu kwa nywele watoke, kwamba dada yangu ameshika panga mlangoni hapa wakati ndugu wenye nywele zao wanataka kula kibanja cha yatima, kwamba hawajui kitu, kwamba nywele inayoanguka leo si ya leo, ni ya—

Nikakwama hapo hapo.

"Ni ya lini?" mzee akauliza.

Nikaanza kuhesabu miezi kurudi nyuma kwa vidole. Mwezi wa kwanza. Wa kumi na mbili. Wa kumi na moja. "Dada," nikasema, "ile homa ya matumbo uliyonisimulia ilikuwa lini?"

"Mwezi wa kumi," dada akasema. "Wewe umeshakwenda kisiwani. Nililala hospitali siku kumi na nne. Sikujua kama nitaamka."

Nisiseme uongo, mimi si daktari, na nywele si unyoya. Nilikuwa nimeshika tu kamba yoyote iliyokuwa karibu. Lakini mzee aliweka manyoya kwenye kisahani, akavua kofia yake.

"Wakati wa vita," akasema, "tulipokimbia mabomu tukalala porini na kwenye mashule, mke wangu alishikwa na homa hiyo hiyo. Akapona. Tumesharudi nyumbani, ameshanenepa, anapalilia, ndipo nywele zikaanza kutoka, zote. Alilia kuliko alivyolilia nyumba iliyochomwa. Zikarudi. Sasa hivi zina mvi lakini zipo." Akanigeukia. "Umesema vizuri. Ila huo unyoya wako mmeutazama kwa macho mkaridhika, au mnaupeleka kwenye mashine?"

"Tunaupeleka, tata."

"Basi na damu iende." Kabla sijafungua mdomo akanyoosha fimbo kunielekeza kiti. "Kaa. Hujamaliza kusikia nilichotumwa. Yule kijana wa Nshamba ndiye aliyenituma. Amesema waende kupima wote wawili, siku moja, benchi moja. Kabla ya ualimu aliuza samaki visiwani miaka miwili, na visiwani mnakujua ninyi. Haogopi nywele za mtu. Anajiogopa yeye. Amesema akikutwa na virusi yeye, mwenzake awe huru, na mtu asimwite mwongo."

Nilikaa. Dada alikwenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuleta kahawa, na alipoileta ilikuwa kahawa kweli, mzee akaikagua moja moja kabla ya kutafuna.

Walipima wiki ile. Miaka hiyo damu ilikuwa inasafiri, majibu wiki mbili, wiki tatu. Mtaalamu aliposikia habari ya magome ya mgomba alishika kichwa, kisha akauliza kama yalikuwa makavu, kisha akasema kule wanayaosha na dawa kabla ya kuyachoma, akaniita mpumbavu, akanitaka nirudi kisiwani. Dada naye akanifukuza niende. Alisema nikikaa pale nitapigana na daktari.

"Nitajuaje?"

"Nitatuma kifurushi na mtumbwi. Tukiwa salama wote wawili, nitatuma kahawa. Ukiona kahawa, tafuna, ushukuru."

"Na isipokuwa hivyo?"

"Sitatuma kitu. Utaona hakuna kitu, utakuja nyumbani."

Sasa mtu wa hasira kumpa kazi ya kungoja kitu kisichokuja. Kila mtumbwi ulipoingia nilikuwa mchangani. Wiki ya kwanza, sawa, mapema. Ya pili nilikuwa nahesabu manyoya nakosea, mtaalamu akaninyang'anya daftari. Wiki ya tatu ilianza. Jumatatu mitumbwi miwili, hakuna. Jumatano, hakuna. Alhamisi ziwa lilichafuka, hakuna aliyevuka. Shakwe walikuwa wamekaa kwenye miamba wote wametazama upepo, na nikaona mabawa yao yalikuwa yamejaa, meusi mapya, hakuna mwenye pengo. Nilishindwa hata kuandika hilo.

Ijumaa mchana akaja nahodha. Tulikuwa hatujasalimiana tangu sufuria. Alishusha barafu, akashusha mafuta, akashusha gunia la unga, na mimi nimesimama pale nikijiambia usimuulize huyu, muulize mtu mwingine yeyote, na hapakuwa na mtu mwingine. Akafika kwangu, akatia mkono mfuko wa koti, akatoa gome la mgomba. Limelegea. Kamba imefunguliwa. Ndani hamna kitu.

"Dada yako alinipa Jumatano mwaloni," akasema. "Halafu ziwa likatufungia. Usianze. Nimelala kwenye mtumbwi siku mbili sina chakula."

"Kilikuwa na nini?"

"Nilijionjea mbili tatu, halafu—"

"Kilikuwa na nini ndani?"

"Wewe usinishike koti."

"Nimekuuliza ulikula nini."

"Kahawa," akasema. "Akamwani. Nini tena? Ulitaka iwe nini?"

Sikumwamini. Huyu ni mtu aliyewahi kuniuzia samaki wa juzi. Nikamwambia, "Fungua mdomo."

"Una wazimu."

"Fungua."

Akafungua, nadhani kwa kuogopa sufuria nyingine. Nikasogeza pua yangu mpaka ndani ya mdomo wa yule mtu niliyemchukia kuliko wote ziwani. Kulikuwa na tumbaku, na samaki, na nyuma yake, bila kosa, ile harufu kavu ya kahawa iliyochemshwa na majani, kahawa ya jikoni kwetu. Kwenye jino la mbele alikuwa amebaki na ganda.

Nilimkumbatia. Nilimbeba juu, na ni mzito. Nilimzungusha pale mchangani, yeye akipiga kelele nimuweke chini, wavuvi wakatoka vibandani kuona leo nimemfanya nini, mtaalamu akaja anakimbia na daftari tayari kunifukuza mara ya tatu.

"Amekula kahawa yangu," nikamwambia. "Amekula yote."

Mtaalamu alinitazama, akamtazama nahodha, hakuelewa. Nikakaa chini mchangani. Nahodha alijirekebisha koti, akakaa na yeye, kwa umbali kidogo.

"Kahawa yenyewe ilikuwa na chumvi nyingi," akasema.

"Dada hutia chumvi," nikamwambia.

"Mwambie apunguze."

Harusi ilikuwa baada ya Pasaka, Nshamba. Dada hakufunga kitambaa. Nywele zilikuwa zimeota kimo cha nusu kidole, laini, zimesimama kama za mtoto mchanga, na mzee mshenga alizunguka nazo akizionyesha kama vile amezipanda yeye. Nahodha alialikwa. Alikuja na sangara mmoja mkubwa, wa siku ile ile, nilimfunua mashavu kuhakikisha. Kahawa ilipopitishwa, alifungua kifurushi chake, akachungulia ndani kwanza, kisha akanisogezea mimi nianze.